Sweta la Baba Limekazwa Mno

Reykjavik, 2 Novemba 1958

Kwa Mama, na kwa Baba ambaye najua ndiye atakayesoma kwa sauti,

Naandika nikiwa chali, karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia mkate, kwa hiyo msishangae mwandiko kupanda mlima. Daktari amesema nisinyanyuke kitandani mpaka mtoto azaliwe, mwezi wa pili Mungu akipenda. Nikipanda ngazi, nikibeba hata ndoo, huyu naye atatoka kama walivyotoka wale wawili. Hakuyapamba maneno. Chumba chetu kiko chini ya nyumba na dirisha liko usawa wa barabara, basi kutwa nzima natazama viatu vya watu vikipita kwenye tope. Nimechoka, Mama. Sikujua kwamba kulala nako kunachosha kuliko kukata nyasi za kondoo.

Kwa hiyo Krismasi hii siji.

Mama, yale niliyokuambia jikoni mwezi wa nane sijayasahau. Uliniambia nikishika mimba tena nije nilale kwako unitunze, nami nikakujibu kwamba mara mbili nilikusikiliza na mara mbili nimezika. Nilisema kwa uchungu. Haikuwa kweli, na nilijua si kweli hata kabla sijafunga mdomo. Uliendelea kufuma, nami nikapanda meli bila kukuaga kama mtoto anavyomuaga mzazi. Tangu siku hiyo sijapata neno lako, na sidhani kama nastahili kulipata.

Sikuombi barua, maana wewe na kalamu hampatani. Naomba tufanye kama kila mwaka. Fuma kiwiliwili na mikono ya sweta la Baba, niletee kwa meli, nami nitaunganisha na kufuma mabega yenye maua. Baba asipopata nguo mpya kabla ya mkesha, Paka wa Krismasi atamla, na Paka yule hajali kama mfumaji ana mimba au ana kinyongo. Tena mkono wako nitausoma kwenye vitanzi. Moyo wako ukiwa mweupe unafuma legevu mpaka upepo unapita. Ukikasirika unafuma mbao. Mwaka ule nilioolewa na Eyvindur bila kukuambia, Baba alivaa sweta lililoweza kusimama lenyewe mlangoni. Basi nitajua.

Eyvindur anawasalimu. Siku hizi ndiye mpishi. Jana alichemsha samaki mpaka samaki akawa uji, kisha akaniambia kwamba hivyo ndivyo alivyokusudia.

Mwanenu,
Svanborg

*

Selvík, 11 Novemba 1958

Dada Herdís,

Barua hii isome peke yako, si kwenye meza ya chai pale kiwanda cha samaki.

Wifi yako ameanguka. Alikuwa zizini anakamua, nami nilikuwa nje na kondoo, nikasikia ndoo inapinduka. Nilimkuta amekaa chini kwenye maziwa, ananitazama kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Upande wa kulia wote umekufa, mkono na mguu, na ulimi umefungwa. Daktari alikuja kwa mashua akasema ni kiharusi, kwamba huenda atapata nafuu na huenda asipate, na kwamba kumvusha bahari ya mwezi huu ni kumuua njiani. Akanipa mkono akaondoka. Sasa mimi ndiye mkamuaji, ndiye mfuaji, ndiye mpishi. Jórunn namlisha kwa kijiko, na nusu ya chakula inarudi shingoni. Sijawahi kuchoka hivi, hata nilipokuwa baharini.

Kisha meli ikaleta barua ya Svanborg. Ana mimba tena, amelazwa kitandani, na akinyanyuka mtoto anatoka. Unamjua mtoto yule. Akisikia habari ya mama yake atapanda meli ya kwanza hata kama inaungua. Kwa hiyo hatasikia. Nilipompigia daktari, nilijua simu ya bonde letu ilivyo, kwamba nikiinua mkono wa simu majirani wote wanainua yao. Nikasema humo humo: ninyi mnaosikiliza, atakayemwandikia binti yangu habari hii, kondoo dume wangu hatakanyaga zizi lake tena. Mtu mmoja akakohoa, nadhani ni jirani Loftur.

Tatizo ni kwamba anataka sweta. Wameachana vibaya, na anasema atausoma moyo wa mama yake kwenye vitanzi. Nilimsomea Jórunn barua yote. Alilia kwa jicho moja, kisha akaunyosha mkono wa kushoto kwenye kapu la sufu, na sijui alimaanisha nini. Mimi nimefuma nyavu tangu utotoni, na kitanzi ni kitanzi. Nieleze tu unaanzaje.

Nduguyo,
Ketill

*

Mjini, 15 Novemba 1958

We Ketill,

Nimelia, nimemaliza, sasa nakujibu. Mpe wifi yangu busu shavuni, shavu lile linalosikia.

Ufume sweta lako mwenyewe la Krismasi ili umdanganye mwanao! Ningecheka kama ningekuwa na nguvu. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe tangu utotoni uongo wako haufiki hata mlangoni. Mwambie ukweli. Mtoto si yai.

Lakini najua hunisikilizi, kwa hiyo sikiliza hili. Hapo ndani mna sindano ya mzunguko, yaani sindano mbili zilizounganishwa kwa waya, na nimekuchorea namna ya kuanzisha vitanzi. Uzi haushikwi kwa mkono wa kulia kama unavyoshika mti wako wa kufumia nyavu. Unaupitisha juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na sindano ya kulia kazi yake ni kuuchota tu. Kulegea na kukaza kunatoka kushoto, kwenye kidole kile. Mkono wa kulia ni mtumwa. Kilegeze kidole, bwana, huvuti papa!

Uzi ukiisha, usifunge fundo. Nakukataza. Zichambue ncha mbili, zitemee mate, zisugue viganjani mpaka zishikane. Sufu inajishika yenyewe, haitaki fundo. Mwanamke yeyote wa bonde letu akiona fundo ndani ya sweta anajua nyumba ile ina msiba.

Kiwandani hawaniruhusu kuondoka mpaka samaki waishe. Wakiisha nakuja, bahari itake isitake.

Dada yako,
Herdís

*

Selvík, 30 Novemba 1958

Binti yangu Svanborg,

Pamoja na barua hii pokea kiwiliwili na mikono miwili ya sweta. Ni sufu ya yule kondoo mweusi uliyempenda. Mama yako anakusalimu sana. Amefurahi kusikia una mtoto tumboni na anasema utii daktari, ulale, usijitie kimbelembele. Hakuandika kwa sababu mikono yake ina kazi, unajua alivyo.

Hapa hatujambo. Baridi ipo, ng'ombe wanakamuliwa, kondoo wako ndani.

Mama yako ana maswali kwako. Anataka kujua kama bado unakumbuka mambo ya nyumbani huko mjini. La kwanza, unga wa mkate wa majani wa Krismasi unakandwa kwa maziwa ya moto au ya baridi? La pili, ukiusukuma, unajuaje kwamba umekuwa mwembamba kiasi cha kukatwa maua? La tatu, mafuta ya kondoo yakianza kutoa moshi wakati wa kukaanga, unafanya nini? La nne, paja la kondoo la moshi linachemka kwa muda gani, na je, linatiwa chumvi? Jibu yote vizuri na kwa kirefu, kama unamweleza mtu asiyejua kitu, maana ndivyo alivyosema Mama yako.

Tena anauliza doa la damu linatolewaje kwenye sufu nyeupe. Hilo si la Krismasi. Nilijikata kidogo na kisu.

Nakuombea usiku na mchana.

Baba yako,
Ketill

*

Reykjavik, 8 Desemba 1958

Kwa Baba na Mama,

Sweta limefika. Eyvindur alilifungua, akaliweka sakafuni, na mikono ikabaki imenyooka kama ya mtu anayezama. Nilipitisha kidole kwenye vitanzi na kidole hakikuingia. Nilijaribu na sindano nyembamba, nayo ikasita. Hata mwaka wa ndoa yangu halikuwa hivi.

Basi nimeelewa, Mama. Niliomba nisome mkono wako na nimeusoma.

Maswali yako nayajibu kwa sababu nimefundishwa adabu, na aliyenifundisha ni wewe. Maziwa ni ya moto, yachemke kabisa, na siagi iyeyukie humo, la sivyo mkate utapasuka. Unasukuma mpaka uweke karatasi yenye maandishi chini yake na uyasome. Mafuta yakitoa moshi unatoa sufuria motoni, unatia kipande cha kiazi kibichi, unangoja. Paja linawekwa kwenye maji ya baridi, likichemka linazimwa na kuachwa lipoe humo humo, na chumvi haitiwi kwa sababu imeshatiwa na moshi. Nilijua haya nikiwa na miaka saba. Ulinisimamisha kwenye kiti cha miguu mitatu ukanipa kisu kidogo. Kunifanyia mtihani leo kama mjakazi anayetafuta kazi, nakubali nimestahili, lakini kumenichoma.

Silali tena. Hapa nawaza jambo moja tu, kwamba kama huyu naye atatoka, atatoka wakati mama yangu amenifungia moyo, na sitajua nimlilie nani. Eyvindur anajitahidi. Ametengeneza biskuti za Krismasi kwa uji wa shayiri na jamu, kwa kuwa sukari ilikwisha, na zimeshikana na sinia mpaka tunazikwangua. Anacheka ili nicheke. Nimechoka hata kucheka.

Kwa hiyo nimeamua. Meli ya tarehe kumi na saba inapita Selvík. Nitapanda. Nitalala humo ndani njia nzima, nitashuka kwa mashua, nitapiga magoti jikoni pale pale niliposemea yale maneno. Baada ya hapo Mama anifukuze akitaka. Daktari hajui na Eyvindur hajui. Msinijibu, barua yenu haitawahi.

Svanborg

*

TELEGRAMU
Iliyopigwa kwa simu kutoka Selvík, 13 Desemba 1958

USIPANDE MELI. MAMA ALIPATA KIHARUSI NOVEMBA. HASEMI. MKONO WA KULIA UMEKUFA. HANA HASIRA NAWE. SWETA NILIFUMA MIMI. MASWALI NI YANGU SIJUI KUPIKA. LALA. BABA.

*

Reykjavik, 14 Desemba 1958

Baba,

Telegramu yako imefika mchana. Lakini mimi nilikuwa nimejua tangu asubuhi.

Nilitaka kulifumua sweta lile. Niliwaza nisije Selvík na mbao ile mkononi, afadhali nilifumue, nilifume upya kwa mkono wangu, niseme Mama hili hapa. Nikaligeuza ndani nje kutafuta mwanzo wa uzi. Nikakuta fundo. Nikatafuta jingine, nikalikuta, na jingine kwapani. Mama hajawahi kufunga fundo maishani mwake. Nikalisogeza dirishani kwenye mwanga, na hapo nikaona ni fundo gani. Ni lile unalofunga ukiunga wavu uliochanwa na papa, lile ulilonifundisha gatini nikiwa mdogo, ukaniambia fundo hili hata shetani halifungui.

Nililia mpaka mwenye nyumba akagonga sakafu yake kutoka juu. Sikuhitaji telegramu kunieleza kwamba kama sindano ziko mkononi mwako, basi mkono wa Mama hauwezi kuzishika. Nilichokuwa sijui ni kama yu hai. Kwa hilo telegramu ilikuja kama maji ya kunywa.

Nimekukasirikia, Baba. Nimekukasirikia sana. Ulinificha ili nisinyanyuke, na uongo wako ndio uliokuwa unaninyanyua. Begi lilikuwa limeshafungwa chini ya kitanda. Eyvindur aliposoma telegramu alikaa juu ya begi, kisha akachukua viatu vyangu vyote akampelekea mwenye nyumba avifungie kabatini. Maskini, hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Ungeniaga?"

Siji. Nitalala. Nimemuahidi yeye, na sasa nakuahidi wewe.

Lakini niambie jambo moja. Ulipomsomea barua yangu ya kwanza, ile niliyoomba radhi, alikuwa ameshaanguka? Aliisikia? Aliielewa? Wewe umeandika kwamba hana hasira, na wewe Baba, nisamehe, umeshaandika mengi. Mama hasemi, haandiki, na mkono niliokuwa nausoma umekufa. Hata akinisamehe sitajua. Hilo ndilo linaloniua hapa kitandani, kwa hiyo usiniambie lingine la kunituliza.

Sweta sikulifumua. Nafuma mabega. Sitayafikisha kwa Krismasi, kwa hiyo Paka akija mwambie linakuja.

Svanborg

*

Selvík, 28 Desemba 1958

Binti yangu,

Umenikasirikia na una haki. Kuanzia leo nitakuandikia ukweli mtupu, hata ukiwa mbaya.

Mama yako hajapata nafuu ya mguu. Ulimi bado. Anaelewa yote, na hilo nitakuthibitishia hapa chini. Shangazi yako Herdís alifika siku moja kabla ya mkesha, kijani usoni kwa mawimbi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunigeuza, akaona nilivyolitia viraka mgongoni sweta ninalovaa kila siku. Alinicheka mpaka Jórunn akasikia kutoka chumbani. Alikuwa ameniletea suruali ndefu ya ndani, mpya. Akasema, "Vaa, Paka asipate kisingizio." Basi niliokoka kwa suruali hiyo.

Simu yangu ya telegramu ilisikilizwa na bonde zima. Nilisoma maneno yale nikiwa nimefumba macho. Nilipomaliza, mtu akasema, "Mwambie na sisi tunamuombea," na mwingine, "Ketill, mkate wa majani usiuache peke yako jikoni, nakuja." Alikuwa mke wa Loftur. Alikuja kwa miguu kwenye theluji. Lakini meli haikuwa imeleta unga wa ngano, tukachanganya wa shayiri na wa rai, tukatumia maziwa ya moto ulivyosema. Ulipasuka hata hivyo. Nilisukuma juu ya gazeti mpaka nikasoma bei ya sufu, na nilipoutia mafutani ukajikunja kama soli ya kiatu. Tulikula. Ng'ombe nao walikula.

Sasa kuhusu akili ya Mama yako. Uji wa mchele niliupika mwenyewe, laini, kwa ajili ya koo lake. Lozi ile ya kuficha kwenye uji, ambayo anayeikuta hupewa zawadi, hatukuwa nayo, kwa hiyo nilitia kifungo cha pembe ya kondoo, kikubwa, nimekichonga mpaka kikawa laini. Tukala, Herdís, mimi na Jórunn ambaye nilikuwa namlisha. Bakuli zikaisha. Kifungo hakuna. Herdís akaniangalia, nami nikamuangalia Jórunn. Nikajua amekimeza, nimemuua mke wangu kwa kifungo siku ya Krismasi. Nikamshika taya, nikamtia kidole mdomoni, nikatafuta. Akaning'ata! Kisha akafungua mdomo polepole, na kifungo kilikuwa kwenye shavu lake la kushoto, lililo zima, kimefichwa, kama alivyokuwa anaificha lozi miaka yote mpaka sisi tulipomaliza kukwangua sufuria. Akacheka kwa nusu ya uso. Herdís alitoka nje, akasema anakwenda kuona ng'ombe.

Hiyo ni akili. Swali lako ni la moyo, nami nilikaa nalo siku nyingi. Ndiyo, alikuwa ameshaanguka nilipomsomea barua yako. Aliisikia yote. Alilia, kisha akaunyosha mkono wa kushoto kwenye kapu la sufu. Nilidhani ananiamuru nifume. Nikafuma, mjinga mimi, wiki zote zile mbele ya macho yake, nikikaza kama ninatia nanga, naye ananitazama, na kila mara mkono wa kushoto unanyooka, nami nasema ndiyo, Jórunn, naendelea.

Herdís ndiye aliyeona. Alisimama mlangoni akasema, "Ketill, mjinga wee, hakuamuru. Anaomba." Akamkalisha Mama yako kitandani kwa mito, akachukua sufu nyeupe laini, akaupitisha uzi juu ya kidole chake cha shahada cha kushoto. Kidole kikajikunja chenyewe na kuushika. Kisha akanisukuma mimi upande wake wa kulia. "Wewe ndiye mtumwa," akaniambia. "Chota." Nikashika sindano ya kulia, Mama yako akashika ya kushoto na uzi. Yeye anatoa, mimi nachota. Mwanzo vitanzi vilianguka vyote. Alinipiga begani na sindano. Tulianza tena, tukaanza tena, bega langu limeshikana na bega lake, na miaka arobaini ya ndoa sikuwahi kukaa karibu na kazi yake kiasi kile. Nilipojaribu kuvuta uzi ukaze, kidole chake kilikataa. Kilitoa uzi mwingi kuliko nilioutaka. Kila kitanzi.

Alichoka upesi. Tulikuwa tunafuma kofia ya mtoto, tukamaliza upindo tu, nami sehemu nyingine nikaimalizia peke yangu. Imo humu ndani. Sehemu ya juu ni yangu, utaijua, imekazwa kama kawaida. Upindo ni wa Mama yako.

Sitakuambia maana yake. Umesema nisikutulize. Wewe ndiye unayejua kuusoma mkono ule.

Baba yako,
Ketill

Tena: hakuna fundo. Nilitema mate.

*

Reykjavik, 19 Februari 1959

Kwa Mama. Baba, msomee polepole, usiruke kitu.

Amezaliwa juzi alfajiri. Ni msichana, mdogo sana, na anapumua. Nimengoja siku mbili kuandika kwa sababu niliogopa kuliandika neno hilo mapema, lakini bado anapumua, na sasa ananyonya. Jina mtalisikia kanisani siku ya ubatizo kama desturi, msinibembeleze.

Kofia ilifika wiki ya pili ya Januari. Sikumwambia Eyvindur chochote, nilimuomba anipe tu. Nilifumba macho nikaanza juu, kwa Baba, na kidole changu hakikuingia mahali popote. Nikateremka. Nilipofika kwenye upindo kidole kilipita, Mama. Kilipita chote, mpaka kwenye kiungo, kisha cha pili nacho kikapita. Niliulaza upindo ule juu ya tumbo na nikalala usingizi, usingizi wa kweli, wa kwanza tangu mwezi wa nane.

Sweta la Baba linakuja kwa meli hii. Mafundo yote nimeyaacha.

Mtoto amevaa kofia. Juu imembana vizuri, lakini upindo ni mpana mno, unamteremkia machoni na mkunga anataka kuukaza kwa uzi. Nimemkataza.

Mwanao,
Svanborg